Dagaa wa Kuku

Nimetoka Mwanza juzi, rafiki yangu, nilikokwenda kuhudhuria mahafali. Usinipe hongera bado. Mhitimu mwenyewe ni binti wa mdogo wangu, ana miaka sita, na alichohitimu ni chekechea. Waliwavika majoho, wakawavika na zile kofia bapa za vyuo vikuu ambazo ziliwashuka mpaka kwenye nyusi, wakawaingiza ukumbini kule Buhongwa kwa madaha huku MC akipayuka utadhani watoto wametoka kukomboa nchi. Kila mmoja alivishwa medali. Kulikuwa na medali ya nidhamu, medali ya usafi, na nakuapia, medali ya tabasamu. Mtoto ambaye walimu walikuna vichwa wakakosa sifa ya kumpa alipewa medali ya kushiriki. Nilimwuliza mama aliyekaa jirani yangu, huyu asingeshiriki angekuwa wapi? Akanitazama kama vile nimekuja kuharibu sherehe, akavuta kiti chake upande wa pili.

Watoto wakaghani ngonjera, wetu ile aliyokuwa akinighania tangu jana yake, kisha akapandishwa jukwaani mtaalamu wa malezi. Alikuwa na koti la kumbana, kiatu kilichochongoka, na maiki ile ya kubandika shavuni. Akatuamuru tugeukiane na kuambiana, "Wewe ni mzazi bora." Watu wazima wenye ndevu zao wakageukiana, wakaambiana. Mimi jirani yangu alishanikimbia, kwa hiyo nilinusurika. Akasema mtoto wa kujiamini halelewi kwa neno "umekosea". Neno hilo ni sumu, tulifute majumbani mwetu. Watu wakaandika kwenye simu zao. Halafu akashusha sauti, akafumba macho kidogo, akasema yeye kujiamini hakujifunzia darasani. Alijifunzia juu ya mawe ya Kirumba, kwa bibi yake mwanika dagaa. Siku moja, akiwa mdogo hivi, alisimama katikati ya soko la Mwaloni, akapaza sauti mbele ya umati, na tangu siku hiyo hajaogopa mtu.

Makofi yakaporomoka. Mimi niliiweka soda yangu chini. Maana bibi huyo ni bibi yangu, mawe hayo nayajua, na msemaji yule ni mtoto wa baba yangu mdogo, tuliyekula naye sahani moja. Na siku hiyo anayoisema mimi nilikuwapo. Ukumbini hakuna aliyeniuliza, basi kaa vizuri nikueleze wewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba imejaa kila kona, viwanda vya minofu ya samaki vinachipuka ufukweni, na baba yangu amepunguzwa kazini kiwandani, anashinda kwenye kigoda akisikiliza redio kwa hasira. Baba mdogo yeye upepo ulimkalia vizuri. Alipata pikapu akawa anapeleka sangara viwandani, akajenga Mkolani nyumba yenye ukuta, mwanawe akapelekwa kwenye akademi mojawapo ya zile za mwanzo mwanzo, za soksi nyeupe na mashairi ya Kiingereza. Kila sikukuu mama mdogo alikuwa akimsimamisha juu ya stuli aghani. Alikuwa anaghani kwa sauti kubwa, mikono inapaa na kushuka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeelewa neno. Mama mdogo alikuwa anatuzungushia macho ukutani hadi ukutani, kuhakikisha tumepiga makofi.

Sisi tulikuwa tunaishi kwa Bibi, kule Kirumba, kwenye bega la kile kilima cha mawe, na tulikuwa tunakula kwa dagaa wa Bibi. Nasema hivyo ili uelewe uzito wake. Hapakuwa na mshahara mwingine pale nyumbani. Bibi alizaliwa Ukerewe, Kiswahili chake kilikuwa cha huko, l na r zikibadilishana viti, na sheria yake ilikuwa moja. "Kira mtu na jiwe rake," alikuwa akisema. Mjukuu akifika umri wa kuweza kumfukuza kunguru bila kulia, alionyeshwa jiwe lake. Langu lilikuwa limeinama upande, lina ufa katikati uliomeza dagaa, nikawa nawachokoa kwa kijiti. La huyu msemaji wetu, alipokuwa akija likizo, lilikuwa bapa na pana kama kitanda. Lilikuwa zuri kuliko yote. Wivu wangu juu ya lile jiwe sijaumaliza mpaka leo.

Asubuhi dagaa wakipanda kutoka mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, bado wanang'aa, Bibi alimjazia kila mmoja karai lake. Unawasuuza mchanga, unawatandaza wembamba, dagaa asimlalie mwenzake. Kisha unalinda. Kuna kunguru, kuna korongo wale wenye vipara wanaotembea kama maafisa wastaafu, kuna kuku wa jirani, na juu ya wote kuna wingu. Jiwe likishika jua huwezi kulikanyaga, unaruka kwa vidole, na harufu inakuingia kwenye nywele, kwenye gauni, mpaka kwenye uji. Mchana tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na mapanki, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya viwanda kuchukua minofu ikaliwe Ulaya. Yakikaangwa vizuri yalikuwa matamu, usinionee huruma. Jioni Bibi alikuwa anapita jiwe kwa jiwe. Alikuwa anachota dagaa kiganjani, anawavunja, anawasikiliza wanavyokatika. Kama ni wazuri alikuwa akisema, "Wamekauka." Ndiyo sifa zote hizo, hakuongeza wala kukupapasa kichwa. Lakini mtoto uliyeambiwa "wamekauka" ulilala na neno hilo kama mtu aliyelala na shibe. Kama ni wabaya alikuwa akisema, "Hawajakauka," akaenda zake jiwe la pili, na wewe unajua la kufanya.

Na tafadhali usinichanganye na lile kundi lingine, la wanaojipiga vifua kwamba sisi tulichapwa ndiyo maana tukawa watu. Hao nao wananichefua. Nimewaona waliochapwa, wengine mpaka leo hawawezi kumtazama bosi usoni, wakifika nyumbani wanamalizia hasira kwa watoto. Bibi fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na macho. Alikupa kazi ya kweli, ukiiharibu inaharibika kweli, na aliona.

Basi siku hiyo. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa tangu saa nane, na mimi niliyaona. Lakini wenzangu walikuwa wanacheza rede kwenye uwanja wa chini, zamu yangu ya kukwepa mpira ilikuwa karibu, nikajiambia nitawahi. Ndugu yangu wa Mkolani naye alikuwa amekaa kivulini na gari lake la plastiki. Mvua ilishuka bila salamu. Nilipofika juu dagaa wangu walikuwa wanateremka na maji kwenye ule ufa, na wake walikuwa wanaelea juu ya kitanda chake. Wa Bibi na wa wengine wote walikuwa wameshaanuliwa. Tuliokota tukilia, mimi kwa uchungu, yeye kwa sababu soksi zimelowa.

Dagaa aliyenyeshewa anabadilika. Usiku mmoja tu anapata wekundu mbaya, anatoa harufu nzito, na mtu hamli tena. Anauzwa kwa wafugaji. Bibi aliwashika, akawanusa, akasema, "Hawa ni wa kuku. Kesho mtaenda kuwauza Mwaroni, wenyewe, na mtatangaza." Hapo ndipo palipo na mambo. Pale sokoni anayeuza dagaa walionyeshewa alitakiwa apaze sauti aseme ni wa kuku, kila mpita njia asikie. Ukinyamaza, mtu akawabeba akidhani ni wa kula, jina lako limekwisha. Na jina la Bibi ndilo lililokuwa linatulisha. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Shinyanga aliyekuwa akipakia magunia ya Bibi bila kuyafungua. Anauliza tu, "Mama, wako sawa?" Bibi anajibu, "Wamekauka," biashara imeisha.

Jioni ile mama mdogo alikuwa amekuja na pikapu kumsalimia mwanawe. Akakuta kilio. "Mama, hutamwaibisha mtoto sokoni," akamwambia Bibi. "Akapige kelele za dagaa wa kuku mbele ya watu? Huyu anasoma akademi. Atavunjika moyo." Bibi akamwuliza moyo wa mtoto umetengenezwa kwa kigae au kwa nini, akaingia jikoni. Mama mdogo akabaki uani na mwanawe, akimfuta kamasi.

Kesho yake nilikaa Mwaloni pembeni ya magunia ya Bibi, lundo langu jekundu mbele yangu juu ya kiroba. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya panya. Wavulana wa kubeba mizigo wakacheka. Mwanamke mmoja akasema huyu mtoto anauza aibu. Nikatangaza tena. "Dagaa wa kuku! Wamenyeshewa! Dagaa wa kuku!" Na nikagundua kitu ambacho hakuna semina itakayokupa, kwamba aibu ukishaisema kwa sauti inabaki kuwa habari tu. Wenye kuku wakaja, wakachota. Mmoja akanishukuru kwa kusema kweli, maana alikuwa ameshauziwa takataka na wakubwa zangu. Nikawa natangaza kwa raha zangu.

Ndugu yangu akafika na mama yake, amevaa shati jeupe, ana biskuti mkononi. Nikamwuliza lundo lake liko wapi. Akaniambia kwa kiburi, "Wangu wako guniani na wa Bibi. Mama amesema nimefanya vizuri." Rafiki yangu, nilidhani Bibi amempendelea. Niliumia mpaka machozi yakanilenga, nikaendelea kutangaza nikiwa nimewapa mgongo.

Ndipo yule mama wa Shinyanga alipokuja. Akauliza kama kawaida, Bibi akajibu kama kawaida. Vijana wakainua gunia la kwanza, la pili, walipoinua la tatu mmoja akatazama mkono wake ukiwa umelowa. Gunia lilikuwa limetoa jasho ubavuni. Yule mama akalifungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa wale wekundu wamechanganyika na wale weupe wa Bibi. Wabeba mizigo wakasogea watazame.

"Mama," akasema yule mnunuzi polepole, "hii ndiyo 'wamekauka' yako?"

Bibi alitazama mkono ule. Akatazama lundo langu. Mvua ilikuwa imekuta dagaa kwenye mawe mawili tu, na la pili halikuwa na lundo. Alikuwa ameshajua, mtu yeyote angejua. Lakini hakumnyooshea mtu kidole. Akauliza tu, "Kuna mwenye neno hapa?" Akasubiri. Sijawahi kumwona mtu akisubiri namna ile. Ndugu yangu alikuwa amefungua mdomo, biskuti imo, na mimi naapa neno lilikuwa limefika. Akamtazama mama yake. Mama mdogo akambana bega, akasema, "Mama, mtoto ana homa huyu, msimtishe. Twende zetu nyumbani." Na ule mdomo uliokuwa ukitupigia kelele za Kiingereza kila sikukuu ukafungwa, ukatafuna.

Bibi akalikamata lile gunia kwa pembe zake mbili, akalimwaga lote juu ya lundo langu. Gunia zima, weupe wa mawe yetu yote, kazi ya nyumba nzima. Akanigeukia. "Mjukuu wangu, tangaza."

Nikatangaza. Nililia huku natangaza, lakini nilitangaza mpaka ikasikika kwenye mitumbwi. Yule mama wa Shinyanga akasimama pale akisikiliza, kisha akawaambia vijana wapakie yale mengine, bila kuyafungua. Tulikula mboga za majani tupu kwa muda mrefu baada ya hapo, na jina likabaki zima.

Mama mdogo alimnunulia mwanawe soda ili asahau. Wakati wanapanda pikapu Bibi alimwambia kitu kimoja tu. "Umemnyang'anya mtoto jiwe rake." Mama mdogo akacheka kidogo, akafunga mlango. Likizo hazikumleta tena Kirumba, alikuwa anakwenda kwenye masomo ya ziada.

Lakini lile jiwe bapa, la kitanda, Bibi hakumpa mtu. Niliomba, ndugu zangu waliomba, wajukuu wengine wakazaliwa wakakua wakapewa mawe ya huko pembeni yasiyo na maana. Kila asubuhi tuliyafagia yote, na hilo Bibi alilifagia mwenyewe, akaliacha tupu. Alikuwa anamngoja aje aseme. Asingemfanya kitu. Angemjazia karai lake, basi. Akazeeka, akaacha kupanda, akawa analiangalia akiwa mlangoni. Tulimzika, na yule bwana alikuja msibani na miwani ya jua, akasoma wasifu wa marehemu kwa sauti nzuri sana.

Ndiye huyo sasa aliyeshuka jukwaani Buhongwa akiwa anapunga mikono. Akaja moja kwa moja kwangu, jasho linameta, akanikumbatia.

"Dada! Umenisikia lakini? Bibi angekuwepo leo!"

"Nimekusikia," nikamwambia. "Nani alitangaza siku ile?"

Akacheka. Ni kicheko cha mama yake, sikujua kama anacho mpaka siku hiyo. "Aa, dada, yale ni mambo ya kuwapa watu moyo tu. Simulizi inahitaji mhusika."

"Jiwe lako liliachwa wazi mpaka Bibi anakufa. Uliwahi kujua?"

Nikaona mdomo unafunguka kama ulivyofunguka mbele ya lile gunia, na Mungu anisamehe, nilingoja. Nilingoja kama mjinga, mtu mzima mimi, kelele za ukumbi zimejaa masikioni. Mara mpiga picha akamwita, mheshimiwa, mzazi anaomba picha. Akanibana bega, akaenda.

Nilimdharau, siwezi kukuficha. Kisha dharau ikanishuka nikabaki na huruma ya kichovu, ambayo ni mbaya zaidi. Yule mtu hajawahi kuambiwa hata siku moja kwamba dagaa wake hawajakauka, kwa hiyo hajui mpaka leo kama amewahi kukausha hata mmoja. Anazunguka mikoani akiomba makofi kwa watu asiowajua. Na wazazi wanamlipa awafundishe watoto wao kuwa kama yeye.

Nilitoka nje kutafuta hewa. Usinipeleke Kirumba sasa, sitaki. Nilipita siku moja kabla, mawe ya Bibi yamepasuliwa yakawa kokoto, la kwangu na lile bapa na yote, pamesimama nyumba za kupangisha zenye vioo vya buluu. Dagaa siku hizi wanaanikwa juu ya vichanja vya nyavu, hawashiki mchanga, ni safi, wala sina ugomvi na hilo. Ninachokitafuta ni lile jicho la jioni lililokuwa linapita kwa kila mmoja. Halikuvunjwa na nyundo yoyote. Tuliliacha wenyewe, tukanunua majoho.

Nikiwa pale kwenye maegesho nikavutwa gauni. Ni yule mhitimu wetu, kofia imemziba jicho moja, medali mbili zinagongana kifuani. Ndani walikuwa wameshaanza kuimba wote, "Mimi ni bingwa, mimi naweza!" Yeye haimbi.

"Shangazi," akanong'ona. "Ile ngonjera yangu niliruka mstari. Ule wa ziwa."

"Najua. Niliusikia ukirukwa."

Akainua kofia ili anione vizuri. "Mwalimu amesema nilipatia. Mama naye amesema nilipatia."

"Ulikosea."

Ungetegemea alie, siyo? Ndivyo mtaalamu angekwambia. Mtoto alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Akatazama kulia na kushoto, akavua lile joho, akanipa nilishike. Akapanda kwenye ukingo wa bustani ya maua, akasimama wima, akaanza mwanzo. Hakupunga mikono. Alipofika kwenye mstari wa ziwa alikwama, akafumba macho, akautafuta mwenyewe, nami sikumsaidia ingawa ulikuwa umenijaa mdomoni. Akaupata. Akamaliza mpaka mwisho, hakuna aliyepiga makofi, wote walikuwa ndani wakiwa mabingwa. Akabaki amesimama pale juu akinitazama, anangoja.

"Wamekauka," nikamwambia.

Akakunja uso. "Nani, shangazi?"

Nikampa mkono ashuke, nikamwambia njoo tukae hapa kivulini, nikueleze.